Jaketi Lililobanwa Kiunoni

Hasira ya Léocadie ilianza saa tatu asubuhi, na ilianzia chini ya makalio ya mteja.

Mteja mwenyewe alikuwa Sipho, mtoto wa Perpetua, yule mama Mtanzania aliyeolewa na mkimbizi wa siasa akamfuata mumewe hadi kwao Kensington, huku kusini mwa Afrika. Sipho alizaliwa Morogoro, Kiswahili kinamtoka bila kukwaruza, na siku za mapumziko hujitolea na kikosi cha uokoaji kwenye bwawa la Vaal. Jumamosi hiyo zamu yake ilikuwa ya mchana, ndipo akapitia duka la ushonaji la Léocadie pale Bertrams abadilishiwe zipu. Akaketi kwenye kiti cha wateja. Takia la kiti lilikuwa limefumuka pembeni; akatia kidole, akaiminya sponji iliyokuwa ndani, akaiminya tena, kisha akauliza imetoka wapi.

Léocadie akamweleza, tena kwa majivuno kidogo. Mumewe Damien, mlinzi wa lango la ghala moja mjini, ni mtu wa Kalemie, amekulia kwenye maji ya Tanganyika. Yeye na rafiki yake Gaston walinunua kayaki mbili kuukuu, na kila Jumamosi huenda kuvua Vaal, kiwe kiangazi, iwe baridi. Kayaki zilikuja na majaketi mawili ya kuokolea, yenye sponji nene kifuani na mgongoni. Damien alipolivaa la kwake akajitazama kwenye kioo cha duka, akasema amekuwa gunia la makaa. Picha za samaki wake zinaingia kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Kalemie, wanaziona hadi walioko Brussels, na Mkongomani gani, jamani, atajianika mbele ya watu akiwa hana kiuno? Akataka sponji itolewe, jaketi libanwe, liwekwe mifuko sita ya ndoano na risasi za kuzamishia mshipi.

Léocadie aliuliza. Hilo watu walijue: aliuliza kama si hiyo sponji inayomfanya mtu aelee. Damien akacheka hadi akajishika mbavu. Mtoto wa Kalemie anaelea mwenyewe, akasema, na wewe mtu wa Lubumbashi, uliyekulia kwenye vumbi la shaba, maji utayajulia wapi? Léocadie akaufyata. Akakata, akashona, na alishona kweli, mshono hauonekani. Gaston alipoliona naye akaleta lake. Sponji zote mbili akazishindilia kwenye takia, maana kitu kizuri hakitupwi.

Sipho hakutabasamu. Alimwambia kwamba jaketi la kuokolea lisilo na sponji ni shati tu, na maji ya Vaal mwezi wa Julai si maji ya Tanganyika. Ukitumbukia, dakika ya kwanza kifua kinashtuka na unavuta pumzi bila kutaka. Kichwa kikiwa chini wakati huo, unavuta maji. Ukipona hapo una kama dakika kumi, kisha vidole vinakataa kushika na mikono inakataa kupiga maji, uwe umezaliwa Kalemie au tumboni mwa samaki. Mwenye kitu cha kumfanya aelee anangoja kuokolewa. Asiye nacho hapewi nafasi ya kungoja. Halafu akauliza wanavaa nini kujikinga na baridi.

"Koti la lindo," alisema Léocadie. "Lile zito la kazini. Na gambuti."

"Wamevalia baridi ya juu, dada," alisema Sipho. "Ya chini hawajaivalia. Koti lile likilowa ni jiwe."

Léocadie akampigia Damien. Simu ikaita hadi ikakata, na alijua kwa nini: iko ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya gari, isije ikalowa. Simu inalindwa, roho hailindwi. Ya Gaston ilikuwa imezimwa kabisa. Hapo ndipo damu ikampanda. Aliacha gauni la harusi la watu chini ya sindano, akanyakua lile takia, akafunga duka na kuingia kwenye bakki ya Sipho, kigari chake cha mizigo.

Mwendo ni wa saa nzima na zaidi, na saa nzima alikuwa akitokota. Alimkasirikia Damien kwa kiburi chake cha ziwa. Alimkasirikia Gaston, mtu mzima na watoto wanne, anayeiga kila upumbavu anaouona. Lakini aliyemkasirikia kuliko wote ni huyo fundi aliyekuwa amekumbatia takia mapajani, aliyejua, akauliza, akachekwa, akashona. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, ndiyo. Lakini je, asiyeyafika hawezi kumuuliza aliyeyafika?

Walimkuta Damien ukingoni, anakunywa chai ya chupa na wenzake wawili, jaketi limemkaa vizuri juu ya koti. Upepo ulikuwa unachapa. Alipomwona mkewe akafungua mikono kwa furaha. Léocadie hakusalimia. Alimwambia avue hilo jaketi, na kwa jinsi alivyosema, Damien alivua. Akalichukua, akalitupa majini kwa nguvu zake zote. Lilikaa juu kidogo, likanywa maji, kisha likazama na risasi zake zote kabla mtu hajahesabu kumi.

"Elea sasa, mtoto wa Kalemie."

Hakuna aliyecheka. Damien aliangalia pale lilipozamia, halafu akainua macho polepole kuelekea bwawani, na uso ukambadilika. Gaston alikuwa huko, hatua kama sabini kutoka ukingoni, amevaa jaketi pacha.

Sipho, ambaye tayari alikuwa ameshalitoa jaketi lake kwenye bakki, alisema asiitwe, asishtuliwe. Atamfuata taratibu na kayaki ya Damien. Damien hakusikia. Alikuwa ameshaanza kupiga kelele na kupunga mikono yote miwili. Gaston, akidhani anaitwa chai, akageuza kayaki haraka, upepo ukaikuta ubavuni na kuipindua.

Aliibuka mdomo wazi, na sauti haikutoka. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akisimulia kila mwaka jinsi alivyowahi kuogelea ziwani nusu ya siku. Aliushika mkia wa kayaki, mkono ukateleza. Akaushika tena, ukateleza. Koti lilikuwa linamvuta. Sipho alimwamuru mmoja apige simu kikosini, akarukia kayaki, na Léocadie akaingia majini hadi magotini akamtupia Sipho lile takia. Baridi ilimbana miguu akapiga yowe bila kupenda.

Gaston alikuwa ameshazama mara moja na kuibuka Sipho alipomfikia. Alisukumiwa takia, vidole vikashindwa kulishika, vimekuwa vijiti. Akaambiwa alikumbatie kwa viwiko, kidevu juu. Hivyo ndivyo alivyoletwa, anakokotwa, amekumbatia sponji za majaketi mawili.

Mmoja wa wenzao akaja mbio na chupa ya brandi. Sipho akaisukuma kando: pombe hapana, kumsugua hapana. Wakamvua nguo zilizolowa, wakamkausha, wakamfunga blanketi zote zilizokuwepo, na chai ya sukari akaipata alipoweza kushika kikombe mwenyewe. Gari la kikosi likampeleka hospitali. Alitoka Jumatatu.

Damien alilia pale pale ukingoni, mbele ya wanaume. Alisema, "Mama Héritière, unisamehe. Shona tena, rudisha zile sponji."

"Nimeshakata, Baba Héritière. Nilichokata mimi hakiaminiki tena. Utanunua mapya, na leo sikusamehe."

Mapya yalinunuliwa, ya rangi ya machungwa, pamoja na nguo za kubana za mpira ambazo Sipho alisema ndizo za kuvalia maji. Damien alikuja navyo dukani wiki iliyofuata, akavaa jaketi, akasimama mbele ya kioo. Lilikuwa pana kila upande. Mkono wake wa kulia, wenyewe tu, ulishuka ubavuni ukakifinya kitambaa kiunoni, kama wanavyofanya wateja wanaotaka kupunguziwa.

Léocadie aliuweka mkasi mezani. Aliutazama ule mkono hadi ukaachia. Kisha akamwambia asimame wima, akachukua simu yake, akampiga picha na kuituma mwenyewe kwenye kundi la watu wa Kalemie, gunia la makaa zima.