Babu wa Udongo

Huu ni mwaka wa tisa natengeneza simu hapa Nachingwea, na nikimwambia mteja simu yake haiwezi jambo fulani, huwa sikosei. Kwa Raudha nilikosea.

Alikuja kutoka Mandawa baada ya mavuno ya ufuta. Aliweka mezani simu na mtu wa udongo, mrefu kama kidole, kavaa kanzu ya kitambaa.

"Fundi Kaimu, huyu ni babu yangu," alisema. "Nampiga picha, namsogeza kidogo, nampiga tena. Programu inaziunganisha, anatembea. Lakini picha zikikaribia mia, inajifunga, kazi yote inapotea."

Babu yake alifariki bila kuacha picha hata moja. Bibi yake, Bi Mwanne, macho yalikuwa yanafifia, na Raudha alitaka amwone mumewe tena kabla giza halijafika.

Niliikagua simu. Ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa GB moja tu, na memori ya kuhifadhia karibu imejaa. Kamera nayo ilijipangia mwanga yenyewe, kwa hiyo picha moja ilitoka nyeupe, inayofuata nyeusi.

"Dada, ramu haiongezwi," nilimwambia. "Tafuta simu nyingine."

"Nyingine sina. Niambie hii inabeba picha ngapi kabla haijachoka."

Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo. Tulijaribu palepale. Ilijifunga kwenye picha ya sabini na nne. Mara ya pili, sabini na moja.

"Basi sitini," alisema, akaondoka.

Alirudi baada ya miezi miwili na vipande kumi na vinne, kila kimoja picha sitini. Akimaliza kipande alikihifadhi kama video, akafuta picha, akaizima simu na kuiweka kando ya mtungi wa maji ipoe. Alikuwa ameziba dirisha na kutumia taa ya sola. Kila akiutoa mkono wake, alihesabu hadi kumi ili kamera itulie, ndipo akapiga.

Simu isingeweza kuviunganisha vyote, nikaviunganisha kwenye kompyuta yangu. Nilijua viungo vitaonekana, babu ataruka kila kipande kinapoanza. Hakuruka. Nilirudisha nyuma mara tatu ndipo nikagundua: picha ya mwisho ya kila kipande ilimkuta babu nyuma ya kitu, mara mkorosho, mara kichuguu, mara mlango, na kiungo kikajificha hapo. Niliita jirani yangu aje aone.

Kesho yake niliihamishia video kwenye simu ya Raudha, nikafunga duka, nikaenda naye Mandawa. Bi Mwanne aliisogeza simu hadi karibu iguse pua. Babu alitoka shambani na jembe begani, akichechemea, akaketi barazani, akavua kofia. Bibi alisema kitu kwa Kimwera.

Raudha aliinamisha kichwa. "Anasema ndiye kabisa, hata anavyovua kofia. Ila mguu uliokuwa mbovu ni wa kushoto. Mimi nimeweka wa kulia."

"Si kitu," nilisema. "Ameshamtambua."

"Kwenye vipande tisa anatembea," alijibu, akichukua ndoo ya kuchotea udongo. "Navipiga upya."

Bi Mwanne hakuirudisha simu. Alinionyesha kwa kidole nimwekee tena, nami nikamwekea.