Insha ya Tatu ya Zaituni

Wali maharage wa mchana una lawama zake, na kubwa ni usingizi. Zaituni Mkwizu amekaa maktaba ya chuo, saa nane, insha yake ya uhakiki iko mbele yake. Imerudishwa mara mbili, na mwalimu wake, Madamu Kihwelo, amesema wazi: ikifika leo saa kumi ikiwa vilevile, Zaituni ataondolewa somo la fasihi. Na fasihi ndiyo iliyomleta chuo, hana kingine anachokipenda hivyo. Anainamisha kichwa apumzishe macho kidogo tu, na pambizo ya karatasi inafunguka taratibu, naye anaingia.

Anajikuta kwenye barabara isiyo na mwisho, na mwanzo wake una bango: Fasihi ni sanaa inayotumia lugha kufikisha ujumbe kwa jamii. Zaituni anafurahi, maana maneno haya alikaririshwa kidato cha tatu na hajawahi kuanza insha bila hayo, yeye na darasa zima. Anatembea, anatembea, anakuta bango jingine lenye maneno yaleyale, na jingine tena, na nyumba zilezile, na mbuzi yuleyule amefungwa mlangoni. Kwenye bango la saba amekaa mtu asiye na uso, sauti yake ya kike, ya upole.

Shikamoo, anasema Zaituni. Marahaba, mwanangu, unakwenda wapi? Nakwenda kwenye riwaya niliyopewa, inayomhusu Mwanakheri msuka mikeka. Basi bango hili linaelekeza kwenye riwaya zote, ndiyo maana halikufikishi kwenye yako. Lipite.

Analipita kwa shingo upande, na mara yuko kwenye mji wa vioo, kuta za vioo, milango ya vioo, na ndani ya kila kioo Mwanakheri anasuka mkeka uleule usioisha. Zaituni anaanza kusimulia kwa bidii, aliolewa, kisha akahamia kwa mume, kisha akakatazwa kwenda kumzika dada yake, kisha, kisha, na kila kisha inamrudisha mlango uleule aliotokea. Umenitajia njia yote uliyopita, anasema asiye na uso, bado hujaniambia umeona nini. Jamani, nimeona mengi, mimi nililia! Machozi ni yako, sikunyang'anyi, lakini siwezi kuyasoma. Kilichokuliza kiko ukurasa gani?

Zaituni anageuka kuutafuta ukurasa. Uani wamesimama watu kimya, juani, na anawatambua: ni nukuu zake, alizozibandika kwenye insha bila neno la kuzikaribisha. Aibu inamshika. Kwao mgeni haachwi uani, mama yake humpokea, humtaja jina na atokako, humpa kiti, ndipo humuuliza habari. Anamshika wa kwanza mkono. Huyu ni wa sura ya pili, anasema, mume amemkataza Mwanakheri kwenda msibani. Karibu, keti, una habari gani? Mgeni anasema: Akajibu, ndiyo, bwana, akafumua mstari mmoja wa mkeka. Anamleta wa sura ya tano, naye anasema ndiyo, bwana, akafumua. Wa sura ya tisa, vilevile. Zaituni anasimama wima. Kumbe kila anapokubali anafumua! Ndiyo maana mkeka ule hauishi, ndicho kilichoniliza. Asiye na uso anasogea kumpisha, na vioo vyote vinageuka madirisha.

Anaamka saa tisa kasoro, shavu limeganda kwenye karatasi. Anakata aya ya kwanza yote, akijiona kama anamkosea adabu mwalimu wake wa zamani, na mahali pake anaandika: Mwanakheri anatii kwa kinywa na kukataa kwa mikono. Kisha anawaingiza wageni wake mmoja mmoja, kila mmoja na kiti chake, na lile la yeye kulia halitaji popote.

Saa kumi kasoro dakika tano Madamu Kihwelo yuko mlangoni mwa ofisi, mkoba begani, funguo mkononi. Tuone basi, anasema kwa uchovu, akipokea karatasi. Anasoma mstari wa kwanza. Anaurudia. Anafungua mlango tena, anaweka mkoba chini, anavuta kiti, anakaa, anafunua ukurasa wa pili bila kuinua macho. Zaituni amesimama palepale, na anaogopa kujifinya asije akaamka.