Mstari wa Mwisho wa Jumba la Empress

Jumba la maonyesho la Empress lilijengwa mwaka 1908 na tajiri wa bia ambaye mkewe alijiona mwimbaji. Mke aliimba humo mara moja tu, watu wakamzomea, lakini jumba likabaki. Kila Krismasi tulicheza vichekesho humo: Cuthbert Ormerod, mwanamume mzima, akiigiza mama mwenye gauni na matiti ya pamba, na mimi, Enid, miguu ya nyuma ya ng'ombe wa kitambaa anayevaliwa na watu wawili. Usicheke. Makalio yangu yalisifiwa Lancashire nzima.

Mwaka ule wakubwa wa mji wakaamua kwamba maegesho ya magari yana faida zaidi kuliko sisi. Tulifungiwa tukiwa bado mazoezini, na hapo ndipo Cuthbert alipokosa usingizi. Sisi waigizaji tuna mwiko: mstari wa mwisho wa mchezo hausemwi mazoezini hata siku moja. Husemwa mbele ya watazamaji tu, la sivyo jumba litaanguka.

"Litaanguka mara ngapi, Cuthbert?" nikamwuliza. "Wameshaleta tingatinga."

"Enid, nimefunga kila mchezo humu kwa miaka thelathini. Huu sitauacha wazi kama choo cha stesheni. Nitafutie watazamaji."

Waliokuwepo ni wabomoaji tu, wamejimwaga vitini na mikate yao na chai. Msimamizi wao, Horrocks, akamtazama Cuthbert juu mpaka chini. "Haya, bibie, fanya chapchap. Chai ikiisha, ukuta unakwenda."

Cuthbert akapanda jukwaani na gauni lake. Nami nikamfuata ndani ya nusu yangu ya ng'ombe, maana nusu ya mbele ilishapata kazi Blackpool. Wabomoaji wakacheka mpaka chai ikawapalia.

"Mlango twafunga, taa twazima," akasema Cuthbert, akaishia nusu.

Alijua akiumalizia tu mstari huo, jumba ndiyo basi tena.

"Mama, umesahau?" akaropoka mmoja.

Mimi sikuwahi kupewa hata neno moja jukwaani. Nani humpa makalio maneno? Lakini roho iliniuma kumwona vile. Nikapaza sauti kutoka ndani ya ngozi: "Rudini kwenu mkiwa wazima!"

Horrocks akavua kofia. Wote wakasimama, wakapiga makofi, mikate mdomoni.

Cuthbert akanigeukia, wanja ukimchuruzika mashavuni. "Ng'ombe we! Umeniibia mstari!"

"Si hukuusema!"

"Nilikuwa navuta pumzi!"

Akanishika mkia, tukainama pamoja mbele ya watazamaji. Hakuuachia mpaka tulipofika barabarani, na nyuma yetu ukuta wa kwanza ukaanguka.