Ndiyo ya Matumaini

Clothilde alirudisha rekodi ya mahojiano nyuma kidogo, akasikiliza swali la sita kwa mara ya tatu. Mbele yake palikuwa na daftari alilolipiga mistari kwa rula, safu nne: muulizaji alisema nini, mkalimani alisema nini, mama alijibu nini, faili limeandika nini. Chuoni hakuna aliyemfundisha safu hizo. Alizibuni mwenyewe, kama alivyojifunza Kiingereza mwenyewe kwa kunakili maandishi ya maboksi ghalani.

Kwenye rekodi, sauti ya mkalimani wa simu iliuliza, "Huna mume hapo nyumbani?"

"Ndiyo," akajibu Matumaini, mama aliyehojiwa.

Na mkalimani, bila hata kuvuta pumzi, akamwambia muulizaji kwa Kiingereza, "Yes."

Clothilde akasimamisha rekodi. Hakuwa mtu wa kukasirika upesi. Tangu asubuhi alijiambia kwamba huenda Matumaini alikosea, huenda aliogopa, huenda kuna jambo hakutaka kulisema. Watu huficha mambo. Yeye mwenyewe aliishi kambini miaka kumi na minne, anajua. Lakini hapa hapakufichwa kitu. Mama ameulizwa kama hana mume, akasema ndiyo, hana. Kuna mtu gani Uvira, au Kigoma, au Nairobi, angejibu vingine?

Akajaza safu ya nne kwa kunakili faili neno kwa neno: Mteja amekiri kuwa ana mume nyumbani. Kwenye fomu alijiandika mjane. Ametoa taarifa za uongo. Faili lifungwe.

Huyo mume amelala kaburini katika kambi ya Nyarugusu. Matumaini alimzika akiwa na mimba ya Tania, ambaye sasa ana miaka minne. Ofisi hii ya kuwasaidia wakimbizi, hapa Euless, ndiyo iliyomtafutia Tania nafasi kwenye kituo cha kulelea watoto, ili mama yake aweze kwenda kupakia mizigo karibu na uwanja wa ndege, zamu inayoanza kabla jua halijachomoza. Faili likifungwa, nafasi inaondoka, na kazi inafuata. Kesho saa sita mchana nafasi hiyo atapewa mtoto mwingine.

Asubuhi Matumaini alikuja na barua ya kufungiwa faili, akaiweka mezani kama mtu anayeweka kitu kichafu. Hakulia. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Mama Clothilde, waliniuliza kama sina bwana. Nikasema ndiyo. Walitaka niseme namna gani?"

Clothilde akaichukua barua, akaenda kuitafuta rekodi. Alikuwa mwanafunzi tu wa huduma za jamii katika chuo cha umma cha mjini, muhula wa tatu, aliyeletwa hapa kwa mafunzo ya vitendo. Kitabu chake cha darasani kilisema mteja ndiye anayeyajua maisha yake kuliko mtu yeyote. Alikuwa ameipigia sentensi hiyo mstari mara mbili. Sasa aliiona kama pambo la ukutani.

Akabeba daftari hadi kwa Lydiah, Mkenya aliyehamia kutoka mji wa Katy, msimamizi wake. Lydiah ndiye aliyekuwa akimsainia saa zake za mafunzo, na ndiye aliyetia saini faili lifungwe. Alilisoma kwa Kiingereza, yakaishia hapo. Rekodi hakuisikiliza.

"Wewe na madaftari yako," Lydiah alisema, macho kwenye kompyuta. "Utatuandikia Biblia siku moja."

Clothilde akamweleza polepole. Lydiah akamjibu kwa upole pia, na upole huo ndio uliomchoma. Akasema mkalimani ana cheti. Akasema mwanafunzi hagusi faili lililofungwa. Akamkumbusha kwamba bado saa themanini zinahitaji sahihi, na kwamba wanafunzi wazuri hujua pa kuishia.

Clothilde hakupandisha sauti. Akafungua ukurasa mpya.

"Dada Lydiah, hujala tangu asubuhi?"

"Eeh."

Clothilde akaandika, akaligeuza daftari ili Lydiah asome: Msimamizi amekiri kuwa amekula.

Lydiah akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akaisoma tena ile sentensi, akavuta kiti, akaomba asikilizishwe swali la sita. Akalisikiliza mara mbili.

"Aki ya Mungu, Kiswahili nakijua tangu utotoni," akasema kwa sauti ya chini. "Na nilisaini."

Akasema ataandika kwamba kulikuwa na kutoelewana kidogo, nafasi ya mtoto irudi, yaishe.

"Na hilo neno uongo?"

"Faili haifutwi, dear. Inaongezewa tu."

"Basi tuongeze yote," Clothilde akasema. "Mjane ameitwa mwongo kwa maandishi, na maandishi hayo yatamfuata kila ofisi atakayoingia. Hakuelewa vibaya hata swali moja. Sisi ndio hatukuelewa. Iandikwe hivyo, swali kwa swali, na jina langu chini."

Maswali yalikuwa ishirini na mbili, na mkurugenzi wa ofisi angeyataka kwa Kiingereza, mezani kwake, kabla ya hiyo saa sita. Lydiah alifikiri kidogo. Akavuta kalamu.

"Na langu," akasema.

Wakaanza upya, mmoja akisikiliza, mmoja akiandika. Kwenye swali la tisa wakakuta ndiyo nyingine: hakuna mtu mzima mwingine anayekaa nanyi? Ndiyo, akajibu Matumaini; na mkalimani tena: Yes. Lydiah akagonga meza kwa kidole. Swali la kumi na moja lilipokwisha, mlinzi alikuwa ameshaanza kuzima taa za ukumbini, na Clothilde alikuwa na darasa la maadili ya kazi chuoni, mwendo mrefu kwa gari.

Akaandika 12 pembeni, namba ya swali linalofuata, akaacha safu zote nne tupu.

"Kesho saa mbili?" Lydiah akauliza.

"Ya kwetu au yao?"

"Ya kwetu," Lydiah akasema. "Ile ya asubuhi."

Clothilde akamwachia daftari mezani, likiwa wazi.