Lugha ya Mnene Wangu

Wakala aliyenitafutia chuo cha udaktari ng'ambo aliapa kwamba masomo yote yangekuwa kwa Kiingereza. Hakusema uongo. Alichosahau kutaja ni kwamba mwaka wa tatu mnaingia wodini, na wagonjwa wa huko hawakusoma tangazo lake.

Wagonjwa waliongea lugha yao, na mtihani wa wodi ulikuwa kwa lugha hiyo hiyo: dakika ishirini na mgonjwa mmoja, umhoji, umpime, useme anaumwa nini. Nilishafeli mara moja. Nikifeli tena, nafungasha virago. Nyumbani nako mtaa mzima ulishaanza kumwita mama yangu Mama Daktari, naye alikuwa anaitika. Nikirudi mikono mitupu wangemwita nani?

Lugha nikajifunza kwa mama mwenye nyumba wangu, mjane mwenye maneno mengi. Maneno yenyewe hakuniambia mimi. Mimi alinipa ufunguo na orodha ya makatazo ukutani, basi. Maneno alimwambia paka wake jikoni, kutwa nzima, nami nilikaa pembeni na daftari nikinakili na kukisia maana. "Mnene wangu": mheshimiwa. "Kitambi": tumbo. "Mwizi wee": ndugu yangu. Baada ya miezi minane lugha ilinitiririka mdomoni, na nilijiona mjanja kweli.

Siku ya mtihani nilipewa kitanda cha dirishani. Hapo alilala fundi saa mstaafu, mzee ambaye wiki ile alikuwa ameanguka mara tatu kwa kizunguzungu, na hakuna aliyejua kwa nini. Wenzangu wawili walionitangulia walimhoji kama kitabu kinavyoagiza, akawajibu hapana, hapana, sijui. Profesa alisimama miguuni pa kitanda, kalamu mkononi.

"Haya, mnene wangu," nikaanza. "Lala chali, unionyeshe hicho kitambi."

Muuguzi akaacha kukunja shuka. Mzee, ambaye mbavu zake ungeweza kuzihesabu juu ya pajama, alinikodolea macho. Nilidhani kaguswa na heshima yangu. Nikainua kidole, sauti ile ile ya jikoni.

"Usinizungushe. Umekula nini tena, mwizi wee?"

Mzee akatazama mlango, akatazama dirisha.

"Nani amekwambia?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nimekuona," nikasema, maana ndivyo mama mwenye nyumba alivyomalizia siku zote.

Mzee akainua mto. Chini yake kulikuwa na kichupa cha dawa ya presha, chenye jina la jirani yake.

"Vyangu ni vidonge vidogo," akajitetea. "Vya jirani yangu wa nyumbani vikubwa, na anapanda ngazi bila kuhema. Nikawa nameza vyote. Usimwambie binti yangu."

Nikampima presha amelala, nikampima amesimama. Ilishuka vibaya sana. Nikamweleza profesa: mtu mmoja, dawa za watu wawili.

"Umefaulu," akasema kwa Kiingereza, ili nielewe vizuri. "Lugha yetu umefundishwa na nani?"

"Mama mwenye nyumba wangu."

"Ana paka?"

"Anaye."

Akanifafanulia neno baada ya neno, na muuguzi akajifunika uso kwa shuka. Nilitamani kuingia uvunguni. Lakini kilichonichoma zaidi ya aibu ni kwamba katika miezi ile yote, ndani ya nyumba ile, hapakuwa na neno hata moja lililokuwa langu.

Nilimpigia simu mama yangu, nikamwambia jina la Mama Daktari abaki nalo. Kisha nikarudi nilikopanga.

Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni. Nikamsimulia yote, kwa lugha ile ile ya paka, maana nyingine sina. Alicheka hadi akashika meza. Halafu akamwinamia paka.

"Umesikia, mnene wangu? Mpangaji wetu amefaulu."

Akainuka, akafuta macho kwa aproni, akavuta kiti. Safari hii alikuwa ananitazama mimi.

"Na wewe," akasema, "umekula?"