Nyumba ya Clement Ilivyoshuka Mlima

Ludmila Hornyak, ambaye wote walimwita Millie, hakuwa na nguvu miguuni tangu kuzaliwa, wala katika mkono wa kushoto. Hakuwa na gari. Hakuwa na akiba benki, kwa kuwa sheria ya mafao ya ulemavu haikumruhusu kuwa nayo. Hakuwa na ndugu aliye hai, na hakuwa na mume. Mengine yote alikwisha kuyazoea. Hili la mwisho alikuwa na mtu wa kuliondoa, ila ofisi ya mafao ilisimama katikati.

Mtu huyo alikuwa Clement Vargo, mgane aliyestaafu kazi ya reli. Waliishi mtaa mmoja wa mlimani katika mji wa viwanda vya chuma wa Brannock, kando ya mto Monongahela, Millie chini kabisa na Clement juu kabisa. Kwa Clement kulipandwa kwa ngazi za saruji, kwa hiyo Millie, mtu wa kiti cha magurudumu, hakuwa amefika hata siku moja. Clement ndiye aliyeshuka kila asubuhi. Alimsomea gazeti, wakabishana kuhusu besiboli, na jioni akapanda kwake akihema.

Hawangeweza kuoana. Millie akiolewa, pensheni ya Clement ingehesabiwa kuwa yake pia, hundi yake ya ulemavu ingekatwa, na kadi ya matibabu ingeondoka nayo. Kadi ndiyo iliyomlipa Rochelle Tibbs, mama aliyekuja kila asubuhi kumtoa Millie kitandani, kumwogesha na kumketisha. Mgongo wa Clement haungeiweza kazi hiyo, na pensheni yake haingetosha kumwajiri Rochelle. Bila kadi, Millie angebaki kitandani, au angepelekwa kwenye makao ya wasiojiweza ng'ambo ya mto. Mtaa mzima uliijua hesabu hiyo. Jirani yao Yurick alipopata kiharusi, yeye na mkewe walitalikiana mahakamani ili apewe kadi. Walitoka mahakamani, wakapitia dukani kununua samaki, wakarudi nyumbani kupika pamoja.

Theluji ilipoyeyuka, nyumba ya Clement ilianza kushuka mlima.

"Nyumba yako inakuja," Millie alimwambia asubuhi moja, akitazama dirishani.

"Nimeiona. Leo wala sikuhema."

"Jiko umezima?"

"Nimezima, mama. Mimi si mtoto."

Ilishuka polepole, ikiziacha ngazi zake nyuma. Ilipofika uwanjani kwa kina Yurick, wao walifungua kamba ya nguo ikapita. Bomba la gesi lilijirefusha. Mfanyakazi wa manispaa alikuja na rangi, akachora mpaka mpya kwenye nyasi, kisha akaomba aarifiwe nyumba ikishatulia, asiendelee kupoteza rangi. Mwezi wa Julai ukuta wa Clement ukaugusa ukuta wa Millie, na zilipogusana pakawa na mlango, mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, usio na kizingiti. Millie akaingia kwa Clement kwa mara ya kwanza. Akalizunguka jiko lote.

"Mapazia haya mabaya, Clement."

"Aliyachagua marehemu."

"Basi yaache. Yafue tu."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanywa kwa mapenzi. Katika miji ile ya chuma, harusi ni meza ya biskuti. Keki inaweza kukosekana na padri anaweza kuchelewa, lakini mashangazi na majirani lazima waoke wiki nzima, na wageni waondoke na visanduku vilivyojaa. Dolores Sabol, kiongozi wa akina mama wa parokia, alipoona kuta zimegusana hakumwuliza mtu. Jumamosi akina mama walifika na trei zao, wakapanga meza kutoka baraza ya Millie hadi baraza ya Clement.

"Dolores, shoga, mimi siolewi!"

"Nani kataja kuolewa? Kula."

"Umeoka biskuti za jozi, zile za harusi. Umezinyunyizia sukari ya unga."

"Sukari ilikuwa inaniharibikia."

Watu wakala. Clement alicheza dansi ya polka ameshika vishikio vya kiti cha Millie, na mtu alipoita "Bi Vargo, sogea upigwe picha," Millie akageuka akatabasamu.

Kisanduku kimoja kilipelekwa na shangazi mtu kwa mpwa wake Wayne Pruitt, ofisa wa mafao. Jumatatu Pruitt alikuwa mlangoni kwa Millie. Dolores, aliyekuja kuchukua trei zake, ndiye aliyemfungulia.

Nyumba kutembea hakukumsumbua. "Nyumba ikisogea yenyewe, si kosa la mpokea mafao," alisema. "Friji ngapi?"

"Mbili," Clement akajibu.

"Anwani?"

"Mbili."

"Vizuri, hizo ni kaya mbili. Tatizo ni biskuti."

"Biskuti!" Rochelle akasema kutoka bafuni. "Mtu mzima umevaa tai kwa ajili ya biskuti?"

"Dada yangu, watu wakikaa pamoja na kujionyesha mtaani kama mume na mke, kwetu ni mume na mke, cheti kiwepo kisiwepo. Na hapa Brannock nani huoka kiasi kile kwa jambo lingine?"

"Tulikuwa tunaikaribisha nyumba," Dolores akasema.

"Nyumba hukaribishwa kwa keki moja, Bi Dolores. Unajua hivyo, na mimi nimezaliwa hapa." Pruitt akavua miwani. "Bi Millie, niandikie barua, mtie sahihi wote wawili. Semeni nyinyi si mume na mke. Ikifika mwezi huu, nitafunga faili. Isipofika, hundi na kadi vitasimama."

"Na mlango?"

"Mlango ubaki. Sina fomu ya mlango."

Akaaga, na Dolores akamfungia biskuti nyingine za njiani.

Millie aliandika mwenyewe, kwenye meza ya Clement, kwa mkono wa kulia. *Sisi si mume na mke. Clement Vargo ni jirani yangu.*

"Andika jirani mwema," Clement akasema.

"Watauliza wema gani."

"Basi jirani wa karibu."

Millie alicheka mpaka Rochelle akaja kuchungulia. Kisha akaacha kucheka, akaongeza: *Hatujawahi kujiita hivyo, wala hatutajiita.*

"Hilo la mwisho hawakuliomba."

"Sitaki warudi."

Clement aliishika kalamu, asiandike. "Sijawahi kutia sahihi uongo, Millie. Hata kule relini."

"Tia, mpenzi. Kesho saa mbili Rochelle anakuja kuniamsha."

Akatia sahihi. Mkono mmoja wa Millie haukutosha kuifunga bahasha, kwa hiyo Clement aliilamba gundi, akaibana kwa kiganja hadi ikashika, akabandika stempu. Akatoka kupitia upande wa Millie, akaitia katika kisanduku cha barua cha Millie, si chake, maana anwani zilikuwa mbili, akakiinua kibendera chekundu cha kumwita tarishi. Tarishi alipopita akaichukua.