Dhahabu Nzuri

Mama aliponiambia anataka kuuza bangili yake, nilimuuliza kama ana homa. Bangili ile! Ile aliyovishwa na marehemu baba mbele ya watu, povu la sabuni likimtiririka mpaka kwenye kiwiko, majirani wakipiga vigelegele mlangoni, na mimi mtoto mdogo nikirukaruka kama nimepagawa. Tangu siku hiyo haikuwahi kuvuka kiganja chake. Nikiwaza mapenzi ya wazazi wangu, picha inayonijia ni hiyo. Tena mimi ndiye mtoto wao wa pekee, kwa hiyo tusizungushane: nilishaihesabu kuwa yangu.

"Una shida ya pesa, mama?"

"Sina."

"Sasa kuna nini?"

"Nimeichoka," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Nimeichoka! Kama anazungumzia pazia. Nikasema haya, twende kwa sonara, na moyoni nikajiapiza kwamba bangili haitoki kwenye ukoo. Asikie bei tu, kisha nitainunua mimi, yaishe.

Duka la sonara lilikuwa jembamba, meza moja ya kioo na taa iliyoinamishwa. Mwenyewe alikuwa mzee mpole, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Akajaribu sabuni. Akajaribu kupenyeza mfuko wa nailoni chini ya bangili na kuvuta taratibu. Mama akauma mdomo, mfupa ukakataa.

"Mama, hii lazima ikatwe," sonara akasema.

"Ikate."

"Ikatwe?" nikaruka juu. "Si itapoteza thamani? Naitaka nzima, nainunua mimi!"

"Dada, mimi nanunua uzito na usafi wa dhahabu," akasema sonara. "Iwe nzima, iwe vipande, mizani haijali."

"Na nakshi yote hii? Mtu kakaa akaichonga bure?"

"Nakshi unailipia ukinunua. Ukiuza, hakuna anayekulipa."

Nikamwambia huo ni wizi wa mchana. Hakukasirika, nadhani huambiwa hivyo kila siku. Akachukua kijiwe cheusi, akakisugua kwenye ukingo wa bangili pale pale mkononi, kikabaki na mstari wa manjano. Akaudondoshea tindikali. Mstari haukufifia.

"Karati ishirini na mbili," akasema. "Wengi wananiletea shaba iliyopakwa rangi, wanaondoka wamenuna. Aliyenunua hii hakubahatisha."

Jamani, kichwa kilinivimba! "Umesikia, mama? Baba hakukuletea takataka. Hii ni dhahabu nzuri!"

Mama akaniangalia. "Najua ni nzuri. Cherehani yangu nayo ilikuwa nzuri."

"Cherehani gani?"

"Si ile uliyokuwa unalala chini yake?"

Ndipo nikaikumbuka: kanyagio la chuma, mlio wake, vipande vya vitambaa nilivyovifunga vikawa wanasesere. Ilikuwepo, kisha haikuwepo. Mtoto haulizi.

"Niliinunua kwa pesa yangu kabla sijaolewa," mama akasema. "Nilikuwa nimepata kazi ya kushona sare za shule nzima. Nikaenda kumzika shangazi yangu, narudi, pale mahali pake patupu. Baba yako ameshaiuza. Eti mke wake hashonei watu nguo. Kesho yake akaja na hii. Hakuniuliza kipimo, wala hakuniuliza lingine lolote."

"Na vile vigelegele?"

"Majirani walifurahi. Na wewe ulikuwa unaruka. Ningelia mbele ya nani?"

Nilimkasirikia baba. Nikamkasirikia na mama, kwa kuninyang'anya baba yangu mchana kweupe mbele ya mtu baki.

"Labda alidhani atakufurahisha," nikasema.

"Labda."

"Basi nunua cherehani nyingine!"

"Nitashona kwa macho yapi, mwanangu? Hata tundu la sindano silioni." Alisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sonara akaisogeza taa karibu. Akaingiza kipande cha ngozi kati ya bangili na mkono, akaanza kukata kwa msumeno mwembamba. Bangili ilipofunguka, chini yake palikuwa na ngozi laini iliyobonyea, nyeupe kuliko mkono wote. Mama akajikuna pale. Akajikuna tena, polepole, macho amefumba, mpaka mimi na sonara tukaona haya tukatazama pembeni.

Sonara akapima, akataja bei, mama akakubali bila kubishana. Kisha yule mzee akanigeukia.

"Dada, ulisema unaitaka. Naweza kuunga hapa nilipokata, hata alama hutaiona."

Nilimtazama mama.

"Pesa ni yako," akasema. "Ukitaka kuivaa, vaa. Mimi sitasema kitu."

Hakika asingesema kitu. Ningekwenda kwake kila wiki nikipunga mkono wenye ile bangili, naye angenikaribisha, angenipakulia chakula, angeniuliza habari za wanangu. Alikuwa amekaa nayo kimya maisha yangu yote, angeshindwa kukaa nayo kimya mkononi mwangu?

"Iyeyushe," nikamwambia sonara. "Iyeyushe sasa hivi, tukiwa hapa."

Sonara akawasha moto wa gesi. Mama akavuta kiti chake karibu, ili aone vizuri.